Barua kwa mwanangu: usiyatupe mabamba ya boti

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Picha za boti nimezitazama moja moja. Imezeeka, lakini mbao zake bado ni imara, na nimefurahi zaidi kuona mabamba yote yapo: la jina pale ubavuni, lile dogo la mtengenezaji karibu na usukani, na la injini. Unasema fundi mmoja wa hapo Bukoba amekushauri uyatupe uchongeshe mapya kwa mashine. Nakuomba usifanye hivyo. Ndiyo maana nimekaa nikaandika, kwa sababu kwenye simu ungesikia nusu.

Ifikirie meli yetu ya Victoria. Vipande vyake vilitengenezwa Scotland, vikaja kuunganishwa Kisumu, nayo ikaanza kazi mwaka 1961. Baada ya ukarabati uliokamilika 2020 inaitwa New Victoria Hapa Kazi Tu. Jina la chombo hubadilika na mwenye chombo hubadilika. Mahali kilipozaliwa na mwaka wake havibadiliki, na hayo ndiyo bamba la mtengenezaji linayoyabeba. Ukichongesha jipya utakuwa na maandishi yaleyale, lakini shahidi mwenyewe atakuwa ameondoka.

Kabla hujagusa skrubu hata moja, piga picha bamba likiwa mahali pake. Kisha weka karatasi juu yake usugue kwa ubapa wa penseli mpaka herufi zijitokeze. Karatasi hiyo itakuonyesha ukubwa na nafasi za herufi hata pale macho yanaposhindwa kusoma.

Kung'oa ndiko kunakoharibu mabamba mengi, basi usiwe na haraka. Skrubu za zamani zimezibwa na rangi, tena rangi juu ya rangi. Safisha kwanza mfereji wa kichwa kwa ncha kali hadi uone shaba, halafu tafuta bisibisi inayojaa mfereji wote. Ikiwa nyembamba itateleza na kukikwangua kichwa, na hapo umejitafutia kazi ya drili. Tia tone la mafuta mepesi, uache yapenye. Ikigoma, shikiza chuma cha kulehemu chenye moto juu ya kichwa cha skrubu kwa muda, acha ipoe, kisha ikaze kidogo sana kabla ya kuifungua. Mkazo huo mdogo huvunja mshiko wa rangi na gundi ya zamani. Skrubu za shaba ni laini, zinakatika upesi. Ukihisi inajinyonga badala ya kuzunguka, acha, urudie joto.

Skrubu zikishatoka, usitie bisibisi chini ya bamba ulibinue. Litapinda, na bamba lililopinda halirudi sawasawa. Kama limegandishwa kwa gundi, chukua mshipi wa nailoni wa kuvulia, ambao hapo Bukoba haukosekani, uupitishe nyuma yake uwe unaukereza huku na huku kama msumeno. Draya ya saluni italainisha gundi ikiwa ngumu.

Sasa angalia una bamba la aina gani, mama, kwa maana la injini si sawa na mengine. Nionavyo kwenye picha, ni alumini nyembamba na maandishi yake ni rangi iliyochapwa juu. Hilo osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, basi. Ukilipitishia thina au msasa, namba ya injini itafutika, na namba hiyo ndiyo utakayoulizwa kila ukitafuta vipuri. Ikiwezekana liache palepale lilipo.

Mawili ya shaba ya manjano ndiyo ya kufanyia kazi. Toa rangi na vanishi ya zamani kwa dawa ya kuondolea rangi na mswaki, si brashi ya waya wa chuma, kwani punje za chuma hunasa kwenye shaba na baadaye hutoa madoa ya kutu. Weusi uliobaki sugua kwa ndimu na chumvi, kisha suuza mara moja kwa maji mengi. Usililoweke. Shaba ya manjano ina zinki ndani yake. Asidi ikikaa muda mrefu huila zinki, na uso hubaki na wekundu usiopendeza.

Likishakauka, paka rangi ya mafuta nyeusi kwenye bonde kati ya herufi, wala usihangaike ikipanda juu ya herufi. Iache ikauke kabisa. Halafu gandisha msasa namba 600 kwenye kipande cha mbao kilichonyooka, ulowanishe maji, upitishe taratibu juu ya bamba. Utagusa herufi na ukingo peke yake. Malizia na namba 1000. Herufi zikishaonekana, simama! Mikwaruzo mirefu iache. Kila unapoifukuza unapunguza kimo cha herufi, na hakuna awezaye kukirudisha.

Paka rangi asubuhi, ndani ya banda. Wadudu wa ziwani unawajua, makundi yao yanavyoinuka juu ya maji kama moshi. Ukiwasha taa jioni watajaa kwenye rangi mbichi.

La ndani, karibu na usukani, lipulizie vanishi angavu ya metali, tabaka nyembamba, baada ya kulifuta kwa spiriti na bila kuligusa kwa vidole. La ubavuni mimi ningeliacha bila vanishi. Jua letu huipasua, unyevu huingia chini yake, na weusi hutambaa mahali usipoweza kuufikia. Nta ya kawaida inatosha, ukiipaka tena kila inapokwisha.

Wakati wa kurudisha, ziba matundu mapana kwa vijiti vya mbao na gundi ya epoksi, utoboe upya. Pitisha kwanza skrubu ya chuma ya kipimo kilekile itengeneze njia, kisha itoe utie ya shaba iliyopakwa nta. Mifereji ya vichwa vyote ielekee juu na chini ili maji yasituame. Nyuma ya bamba weka mastiki laini, ile ya kuzibia maji, si gundi kali, ili atakayeling'oa baada yako asiteseke.

Na namba ya usajili iliyoandikwa kwenye boti usiibadilishe hata herufi moja kabla ya kuwauliza TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini.

Nitakutafutia skrubu za shaba hapa mjini, nimpe mtu wa meli akuletee. Nitumie urefu na unene wake.

Baba yako