Barua kwa mwanangu: ukienda Aomori

Salma mwanangu,

Kutoka hapo Sendai unaweza kwenda Aomori, mji wa bandari kaskazini mwa Japani, na kurudi siku hiyohiyo, lakini ulale japo usiku mmoja. Utamu wa mji ule uko asubuhi sokoni na, mwanzoni mwa Agosti, usiku barabarani.

Hayabusa, treni ya mwendo kasi, haina viti huru, kwa hiyo kata tikiti yenye namba ya kiti. Mwendo ni kama saa moja na nusu. Shuka Shin-Aomori, wala usisinzie, maana baadhi ya treni hupitiliza hadi kisiwa cha Hokkaido kwa handaki la chini ya bahari, kilomita 53.85. Shin-Aomori yenyewe iko pembeni. Panda treni ya kawaida, kituo kimoja tu, ndipo utakuwa mjini.

Asubuhi usile hotelini. Nenda kwa miguu soko la samaki la Furukawa, hapo karibu na stesheni; hufunguliwa saa moja, na Jumanne kwa kawaida hufungwa. Chakula chake ni nokkedon, bakuli la wali unalolipamba mwenyewe. Unanunua tikiti za soko, unatoa moja upewe wali, mbili ukitaka mwingi, kisha unapita vibanda ukilipia kila kipande kwa tikiti. Wageni huharibu hapa: wanabeba wali, wanavamia kibanda cha kwanza, na wakifika cha tano tikiti zimekwisha na wali umepoa. Wewe zunguka kwanza mikono mitupu. Soma vibao, kwa kuwa vipande vingi ni tikiti moja, ila minofu ya tumbo la jodari hula mbili au zaidi. Linganisha na unene pia, tikiti moja hainunui kipande sawa kila mahali. Ukishajua unachotaka, ndipo uchukue wali.

Anza na hotate, kombe nene na tamu za Ghuba ya Mutsu, ambayo ndiyo iliyo mbele ya mji. Jodari wa Oma, mji wa wavuvi wa mkoa huohuo, ana jina kubwa, lakini sifa yake hasa ni ya vuli na kipupwe mafuta yanapomjaa. Agosti usimmalizie tikiti. Kibichi kikikushinda, kuna mayai ya kukaanga na kamba waliochemshwa.

Sosi ya soya ya kule mara nyingi ina alkoholi, basi beba chupa yako. Rameni, yaani supu ya tambi, ya miso (soya iliyochachushwa), kari na maziwa, yenye siagi juu, ni fahari ya mji, lakini kwa kawaida huja na nyama ya nguruwe, iache. Oden, vipande vya vyakula vilivyochemshwa kwenye mchuzi, ya miso na tangawizi ilianzia vibanda vya baada ya vita karibu na stesheni, kuwapasha moto abiria wa feri. Uliza kwanza mchuzi umetiwa nini.

Mchana panda basi hadi Sannai-Maruyama, kijiji cha kale cha Jomon, watu wa Japani wa kabla ya historia, Urithi wa Dunia tangu 2021. Utaona magogo sita marefu yaliyosimamishwa; yamejengwa upya kufuata mashimo yaliyofukuliwa, yenye kina cha mita 2 na kuachana mita 4.2. Hayana paa kwa kuwa wataalamu hawakukubaliana kama lilikuwepo. Mimi napenda ukweli wa namna hiyo.

Nebuta, tamasha la mji la maandamano ya sanamu kubwa za karatasi, ni tarehe 2 hadi 7 Agosti. Siku ya mwisho maandamano ni mchana, halafu fataki usiku baharini. Ukitaka kuona sanamu za karatasi zikiwaka ndani barabarani, fika kabla ya tarehe 7. Vyumba huisha miezi mingi mbele. Ukikosa tarehe, jumba la Wa Rasse kando ya stesheni huonyesha sanamu zenyewe.

Kurukaruka na wachezaji hakuhitaji kujiandikisha, ila sharti uvae vazi kamili la haneto, yaani la wachezaji hao. Maduka ya mjini hukodisha. Waombe wakufunge vizuri, na kandambili zile zikazwe mguuni kwa kitambaa, la sivyo zitakuchomoka kabla hujafika kona ya kwanza.

Mama yako