Malalamiko kuhusu akaunti iliyofungwa lakini ikaendelea kufungua kompyuta yetu

Kwa: Mkurugenzi Mtendaji
Nakala: Mkuu wa Usalama wa Mifumo, Mkuu wa Huduma kwa Wateja

YAH: KUINGILIWA KWA KOMPYUTA YA OFISI KUPITIA AKAUNTI ILIYOKWISHA KUFUNGWA

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkuu wa ofisi ndogo ya uhasibu yenye watumishi 11, ambayo kwa miaka mitatu sasa imekuwa ikilipia huduma yenu ya mikutano ya video, ujumbe, uhifadhi wa mafaili na ufikiaji wa kompyuta za ofisini kutoka mbali. Kazi yetu yote ni siri za watu wengine: mishahara, madeni, namba za akaunti za benki, hesabu za kodi. Ninawaandikia kwa sababu neno moja lililo kwenye ukurasa wenu wa msimamizi, neno "Imefungwa", halikuwa kweli, na kwa sababu tangu niwajulishe jambo hilo mmenijibu mara tatu na bado swali langu la kwanza limebaki palepale.

Ijumaa ya tarehe 3 mwezi uliopita, mhasibu msaidizi wetu mmoja alimaliza mkataba wake na tukaagana naye vizuri. Jioni hiyohiyo niliingia mimi mwenyewe kwenye ukurasa wa msimamizi, nikabonyeza kitufe cha kufunga akaunti yake, nikathibitisha, na pembeni mwa jina lake kikatokea kidoti chekundu pamoja na neno hilo. Sikuona onyo lolote, wala maelezo kwamba kuna hatua nyingine iliyosalia. Kwa siku 18 niliamini kwamba mlango ule umefungwa.

Usiku wa Jumanne, tarehe 21, saa tatu kasorobo, mtumishi wetu mmoja alirudi ofisini kuchukua miwani aliyoisahau. Taa zilikuwa zimezimwa na chumba kilikuwa na mwanga wa skrini moja tu, ya meza aliyokuwa akiitumia mwenzetu aliyeondoka. Kishale kilikuwa kikitembea chenyewe. Kilifungua folda ya mishahara ya mteja wetu mmoja, kikashuka polepole kutoka faili moja hadi jingine, kikatulia, kikarudi juu, kama macho ya mtu anayesoma na kurudia. Kwenye kona ya chini kulikuwa na kisanduku kidogo cha programu yenu kikionyesha kwamba kompyuta inatumiwa kutoka mbali, na jina lililoandikwa ndani yake lilikuwa la yuleyule mwenye kidoti chekundu. Mtumishi wetu hakugusa kipanya. Alichomoa waya wa intaneti, kisha akanipigia simu, na nilimsikia akihema.

Ninataka ieleweke mapema kwamba simlaumu aliyekuwa mwajiriwa wetu. Nilipompigia alinieleza, na ametuletea taarifa aliyoiandikisha polisi, kwamba kompyuta yake ya mkononi iliibwa safarini wiki mbili baada ya kuondoka kwetu. Hakutuarifu kwa sababu alijua akaunti yake ya kazi ilikwisha kufungwa. Aliamini kile nilichokiamini mimi, na sote wawili tulikiamini kwa sababu ninyi mlikiandika.

Jibu lenu la kwanza lilinitaka nibadilishe nywila za watumishi wote na kuhakikisha kwamba programu za kuzuia virusi ni za toleo la karibuni. Tulifanya hivyo usiku uleule, kabla hata hamjasema. Jibu la pili lilinihakikishia kwamba mawasiliano yote katika huduma yenu yanalindwa kwa usimbaji fiche wa biti 256. Sina shaka na hilo, lakini si nililolalamikia. Usimbaji fiche humzuia mtu aliye njiani asisome kinachopita. Haumzuii aliyekwisha kutambuliwa na mfumo kuwa ni mwenyeji. Aliyekuwa akisoma mishahara ya mteja wangu usiku ule hakuvunja usimbaji wowote. Alipita mlangoni, na mfumo wenu ndio uliomfungulia.

Jibu la tatu ndilo lililonifungua macho, na ninamshukuru fundi aliyeliandika kwa ukweli wake. Alieleza kwamba mtumiaji anapoingia kwa nywila, seva zenu huipa kompyuta yake tokeni, yaani kibali cha kidijitali, ambacho programu hukionyesha kila inaporudi ili mtu asiandike nywila upya. Kwamba kwa upande wa ufikiaji wa mbali kibali hicho hudumu siku 30. Na kwamba kufunga akaunti huzuia kuingia upya kwa nywila lakini hakubatilishi vibali vilivyokwisha kutolewa. Alimalizia kwa kusema kwamba ndivyo mfumo ulivyobuniwa.

Ndugu Mkurugenzi, hapo ndipo malalamiko yangu yalipo. Kama mfumo umebuniwa hivyo, basi kitufe kile kingepaswa kuitwa "Zuia kuingia upya", na chini yake iandikwe kwamba vifaa vilivyokwisha kuingia vitaendelea kufungua kompyuta za ofisi hadi siku 30. Hakuna msimamizi mwenye akili timamu ambaye angesoma maneno hayo kisha akaenda zake nyumbani. Mliandika "Imefungwa" kwa sababu ni neno linalompa mteja utulivu, na utulivu huo ndio tunaowalipia.

Wala siwezi kukubali kwamba jambo hili ni gumu au ni geni. Utaratibu wa kubatilisha tokeni kabla ya muda wake kuisha umeandikwa kama kiwango cha wazi cha intaneti, RFC 7009, tangu mwaka 2013. Madhara ya akaunti ya zamani iliyoachwa wazi nayo yanajulikana. Mwezi Mei mwaka 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ililazimika kusimamisha bomba linalopeleka karibu nusu ya mafuta ya pwani ya mashariki ya nchi hiyo, baada ya wadukuzi kuingia kupitia akaunti ya zamani ya mtandao wake binafsi, VPN, ambayo haikukusudiwa kuwa bado inatumika na haikuwa na uthibitishaji wa hatua ya pili, yaani uthibitisho mwingine baada ya nywila. Kampuni iliwalipa wadukuzi hao kikombozi cha takribani dola milioni 4.4. Ofisi yangu si bomba la mafuta, lakini kosa ni lilelile: mlango ambao wenyewe walidhani hautumiki tena.

Na kuhusu maneno ya usalama kutolingana na mfumo ulivyo, ninawakumbusha kwamba mwaka 2020 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishtaki kampuni ya Zoom kwa kuwaeleza watumiaji kwamba mikutano yao ililindwa kwa usimbaji wa mwisho hadi mwisho, yaani ule ambao hata kampuni yenyewe haiwezi kuufungua, wakati ulinzi uliokuwapo ulikuwa wa kiwango cha chini, na shauri hilo likaishia kwa makubaliano yaliyoilazimu kampuni kuimarisha mpango wake wa usalama. Ninalitaja ili muone kwamba neno la usalama lililowekwa mbele ya mteja huhesabiwa kuwa ni ahadi.

Kuna jambo jingine ambalo nisingelitaja kama lisingenishtua. Kabla ya jibu la tatu, mtumishi wenu wa huduma kwa wateja alinipigia simu, akaniomba nifungue programu na nimsomee namba ya tarakimu sita iliyotokea ili aingie kwenye kompyuta yangu "kuangalia tatizo". Nilikataa. Kila mwaka ninawafundisha watumishi wangu kwamba anayepiga simu na kuomba namba hiyo ni tapeli, bila kujali anajitambulisha kwa jina la kampuni gani, na sasa kampuni yenyewe inawazoesha wateja wake kuisoma. Tafadhali likomesheni.

Swali langu la kwanza lilikuwa hili: aliyeingia usiku wa tarehe 21 alifungua mafaili gani, alikaa muda gani, alinakili nini, na je, usiku ule ulikuwa wa kwanza? Fundi wenu alijibu kwamba kumbukumbu za uingiaji huonekana na wateja wa kifurushi cha juu peke yao, nasi tuko kifurushi cha kati. Nilipouliza kuhusu uthibitishaji wa hatua mbili kwa ufikiaji wa mbali, jibu lilikuwa hilohilo: kifurushi cha juu. Namba za uthibitishaji zinazobadilika kila baada ya sekunde 30 hutengenezwa kwa kanuni iliyo wazi kwa wote tangu mwaka 2011, na simu ya mtumiaji huzitengeneza yenyewe hata isipokuwa na intaneti, kwa hiyo sioni gharama mnayoifidia kwa kuzifungia juu. Kutoza zaidi kwa mikutano yenye watu wengi zaidi ni biashara ya haki. Kumtoza mteja ili ajue ni nani aliingia kwenye kompyuta yake mwenyewe si haki hata kidogo.

Wakati huohuo mimi nina wateja watano ambao mafaili yao yalikuwa kwenye kompyuta hiyo. Niliwaandikia wote siku iliyofuata, kwa sababu walistahili kujua mapema hata kama sikuwa na majibu kamili. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data, iliyoanza kutumika Mei 2018, humtaka mwenye dhamana ya data za watu aiarifu mamlaka ndani ya saa 72 baada ya kugundua uvujaji unaoweza kuwadhuru watu, na humtaka anayemchakatia data hizo amjulishe mwenye dhamana huyo bila kuchelewa. Hata pale ambapo sheria hiyo haifiki, mantiki yake ni ya kila mahali: siwezi kutimiza wajibu wangu kwa wateja ikiwa anayeshikilia ushahidi ananyamaza. Mteja mmoja, mzee ambaye tumemtunzia hesabu kwa miaka mingi, aliniuliza kwa upole kama mishahara ya wafanyakazi wake imesomwa yote au kidogo. Nilishindwa kumjibu, na hilo limeniuma kuliko yote.

Kwa hiyo ninawataka mnipe nakala kamili ya kumbukumbu za uingiaji wa akaunti hiyo kuanzia tarehe 3 hadi tarehe 22, bila malipo na bila kunihamisha kifurushi. Ninawataka pia mrekebishe mfumo ili kufunga akaunti kukate papo hapo kila kifaa kilichoingia kupitia akaunti hiyo, na hadi marekebisho hayo yakamilike mliondoe neno "Imefungwa" na kuwatumia wasimamizi wote taarifa ya kweli kuhusu siku zile 30. Ofisi yangu si ya pekee iliyowahi kuagana na mtumishi. Kwa sasa tumeondoa programu yenu ya ufikiaji wa mbali kwenye kompyuta zetu zote, na ada ya miezi iliyosalia kwa sehemu hiyo ya huduma tunaomba irejeshwe.

La kumbukumbu ndilo lisiloweza kusubiri. Fundi wenu alinieleza kwamba katika kifurushi chetu hufutwa zenyewe zinapofikisha siku 30, na leo ni siku ya 16 tangu usiku ule. Za siku za mwanzo zimekwisha kupotea, isipokuwa kama mlizihifadhi nilipolalamika mara ya kwanza. Ninaomba uthibitisho wa maandishi, ndani ya siku mbili za kazi tangu mpokee barua hii, kwamba ufutaji huo umesimamishwa.

Wenu katika kazi,

Mkuu wa Ofisi