Usiifungie Darubini Uvunguni

Iringa,
mwishoni mwa Juni

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mimi na wanangu hatujambo, ila mafua ya hapa na pale, na mafua kwa Iringa ya Juni ni mgeni wa kila mwaka. Natumai nanyi huko Pangani mu wazima. Mpe Mama shikamoo yangu, na mwambie ile kanga aliyonipa bado ninayo, tena nimeipatia kazi mpya nitakayokueleza mbele.

Ama baada ya salamu, barua yako niliipata, na kuna mahali paliponiuma. Umesema tangu mwezi uanze kupevuka umeifunika darubini shuka na kuisukuma uvunguni mwa kitanda, unangoja giza lirudi, kwa kuwa umesoma mahali kwamba mbalamwezi huharibu anga. Nakuelewa. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya hivyohivyo, na leo nikizihesabu zile wiki nilizokaa ndani na anga jeupe juu ya paa, najisikia vibaya kweli. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia kirefu.

Uliyemsoma hakudanganya. Mwanga wa mwezi ukipita hewani hutawanyika, kama mwanga wa jua unavyotawanyika mchana, anga lote likapata weupe, na vitu hafifu vikazama ndani yake. Unakumbuka nilivyokuandikia habari za Omega Centauri mwezi wa Aprili, lile kundi la nyota nililolifananisha na unga wa sembe uliomwagika kwenye kitambaa cheusi? Juzi nimelitafuta tena chini ya mwezi wa siku kumi. Nililiona, lakini lilikuwa doa la kijivu tu, kama alama ya maji ukutani. Kwa magalaksi, yale makundi makubwa mno ya nyota yaliyo mbali kabisa, sikuthubutu hata kujaribu.

Lakini wewe ni mtu wa Pangani. Unawajua wavuvi wa dagaa. Mbalamwezi ikiingia hawatoki, kwa kuwa bahari yote inang'aa na taa yao haina tena cha kuwavutia dagaa. Wanabaki nchi kavu wanashona nyavu. Lakini mwenye dema, ule mtego wa kusukwa, yeye anatazama maji, hatazami taa. Anakwenda kutega kama kawaida yake. Basi usiku wa mwezi tuwe watu wa dema, somo. Kuna samaki wao.

Nikusimulie juzi ilivyokuwa. Darubini niliitoa uani saa 12 jioni, kabla jua halijazama vizuri, nikaiacha ipoe. Hilo usilipuuze hata kwa darubini yako ndogo: kioo kikiwa na joto la ndani na hewa ya nje ina baridi, picha huchezacheza kama kitu unachokitazama juu ya jiko. Na nimejifunza kutoielekeza juu ya paa la jirani. Bati limekula jua mchana kutwa, usiku linatema ule moto, na nyota yoyote iliyo juu yake hutetemeka mpaka ukakata tamaa. Mimi husogea hadi karibu na migomba, nikaangalia juu tu.

Saa 2 mwezi ulikuwa karibu na utosi. Nikaanza na lenzi ya jicho ya milimita 25, ambayo kwangu inakuza mara 48, mwezi mzima ukaenea ndani. Kisha nikaweka ya milimita 10, ikawa mara 120, nikaenda taratibu kufuata ule mpaka wa mwanga na giza. Hapo ndipo penye mambo. Mpakani jua linachomoza kwa wenyeji wa pale, kama wangekuwepo, na jua la asubuhi likilala chini kila kilima kinatupa kivuli kirefu.

Nilisimama kwenye Copernicus. Ni kreta yenye upana wa kilomita 93. Mwaka ule tulipokwenda Ngorongoro na chuo, tuliposimama pale ukingoni ukanishika mkono ukasema hujawahi kuona shimo kubwa hivi, lile lina upana wa kama kilomita 19 na kina cha mita 600 hivi. Zipange Ngorongoro tano kwa mstari ndipo uivuke Copernicus, na ukuta wake unashuka karibu kilomita 4. Unashuka kwa ngazi ngazi, kama matuta ya shamba la Uluguru, na katikati kuna vilima vimesimama vyenyewe. Nilimaliza robo saa nzima pale, na chai ikapoa.

Wanangu waliita majirani, na mwisho akaja bibi wa nyumba ya pili na "kamwene" yake, salamu ya Kihehe, na blanketi begani. Nilimwekea kiti. Alitazama kimya muda mrefu mpaka nikadhani hajaona kitu. Kisha akauliza bila kuondoa jicho: "Haya mashimo amechimba nani?" Nikamwambia hayakuchimbwa, wala si kama ya Ngorongoro ambayo ni mlima wa volkeno uliotitia, haya mengi yamepigwa na mawe yaliyotoka angani, na kwa kuwa kule hakuna mvua wala upepo, kovu halifutiki. Akanyamaza tena. Halafu akasema amewahi kupelekwa Mbozi kuona kimondo, chuma kitupu, kirefu kama mita tatu, akakigusa kwa mkono kikawa baridi. "Kumbe ndugu zake ndio waliofanya haya," akasema. Somo, nimefundisha fizikia miaka mingi, na sijui kama nimewahi kulieleza vizuri kuliko alivyolieleza yeye.

Mdogo wangu wa mwisho alitaka kuiona bendera ya wale waliotua mwezini. Nilimwonyesha Bahari ya Utulivu, ile tambarare nyeusi walikotua Neil Armstrong na mwenzake tarehe 20 Julai 1969, nikamweleza kwamba kitu kidogo kabisa ambacho kioo changu cha inchi 6 kinaweza kukitenganisha kule ni cha kama kilomita moja na nusu. Bendera haionekani. Hakuridhika, na sikumlaumu.

Sasa nikupeleke mahali ninapopapenda kuliko pote. Kaskazini ya mwezi kuna ghuba inaitwa Sinus Iridum, maana yake Ghuba ya Upinde wa Mvua, imezungukwa na milima iliyopinda kama mpini wa kikombe. Mwezi ukiwa na siku kumi hivi, jua linaipiga ile milima kwanza wakati bonde lake bado liko gizani, na unaona upinde wa mwanga umening'inia nje ya mwezi, haujashika kitu. Juzi nilibahatika kuukuta. Na mbele zaidi, ndani ya weusi wenyewe, palikuwa na nukta moja ya mwanga, ndogo kama tundu la sindano kwenye pazia. Ni kilele cha mlima kilichopata jua kabla ya nchi iliyo chini yake. Ilikuwa saa 2 na nusu. Niliporudi saa 4, ile nukta ilikuwa imenenepa, na pembeni yake zimezuka nyingine mbili.

Fikiri, nilikuwa natazama asubuhi inakuja. Pale kwenye ikweta ya mwezi ule mpaka hutembea kama kilomita 15 kwa saa, mwendo wa mtu na baiskeli yake. Kwa nukta kama hizo Galileo, yule mtaalamu wa nyota wa Italia, alipiga hesabu ya urefu wa milima ya mwezi, akachapisha mwaka 1610, na darubini aliyotumia haikuifikia hiyo yako ya milimita 70. Nakuambia hivi kwa sababu barua iliyopita ulisema chombo chako ni kidogo hakifai. Kinafaa, somo. Kwa mwezi kinafaa sana.

Mwezi ukishajaa kabisa, mambo hubadilika. Jua huwa linaupiga usoni, vivuli vinatoweka, na milima yote inaonekana kama imepigwa pasi. Watu wengi huanza siku hiyo, wanaona weupe tu, wanakata tamaa. Huwa pia unang'aa kupita kiasi: mwezi nusu haufikii hata moja ya tano ya mwangaza wa mwezi mpevu. Mama asiogope, hauumizi jicho. La kuogopwa ni jua, na hilo usilielekezee darubini hata kwa mzaha. Ukiona mwanga umezidi, acha taa ya uani ikiwaka, jicho lisizoee giza. Kisha tafuta Tycho upande wa kusini. Siku nyingine ni kreta kama wenzake, lakini mwezi ukijaa mistari myeupe hutoka kwake kila upande, mingine inavuka zaidi ya kilomita 1,500. Ni vumbi na mawe yaliyorushwa siku ile ilipopigwa.

Usiku wa mwezi mpevu uliobora kuliko yote niliyowahi kuuona ni ule wa tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipopatwa. Najua huko mlikuwa na mawingu. Hapa saa 1 na nusu usiku ukaanza kuliwa pembeni, na kuanzia saa 2 na nusu ukawa mwekundu wote, rangi ya sufuria ya shaba. Nilichokuwa sikukitarajia ni anga. Dakika chache kabla zilionekana nyota za kuhesabika, na ghafla, mwezi ukiwa uleule juu yetu, ule mkanda mweupe wa nyota ukajitokeza kutoka upande hadi upande kama katika usiku wa giza nene. Ilidumu zaidi ya saa nzima. Ndipo nilipoelewa kwa macho yangu kwamba nyota zilikuwepo muda wote.

Na hapo naingia kwenye kanga ya Mama. Nyota pacha, yaani mbili zinazoonekana kwa macho kama moja, hazijali mwezi. Ukiongeza ukuzaji, weupe wa anga unatandazwa na kufifia, lakini nyota kwa kuwa ni nukta hubaki na nguvu yake. Shida ni mwanga unaoingia jichoni kutoka pembeni. Basi mimi hujifunika kanga kichwa kizima pamoja na lenzi ya jicho, nikawa kama ndani ya chumba. (Pumua kwa pembeni, lenzi isiingie ukungu, kwa unyevu wa Pangani utaniambia.) Juzi saa 3 nilianza na Alpha Centauri, iliyokuwa imesimama kusini kabisa. Kwa macho ni nyota moja. Ndani ya kanga zilikuwa mbili, ya njano na nyingine inayokaribia rangi ya chungwa, kama taa za gari linalokuja kutoka mbali kwenye barabara ya Dodoma. Zinazungukana kwa takriban miaka 80, na mwanga niliouona ulikuwa umesafiri zaidi ya miaka minne. Yaani ulitoka kule kabla sijahamia nyumba hii.

Kisha nenda kwenye Msalaba wa Kusini, ile nyota ya chini kabisa, Acrux. Hizo ni ngumu kidogo, zimebanana, tumia lenzi yako ya milimita 10 na uwe na subira. Hewa ikitulia kwa sekunde mbili utaona weusi mwembamba katikati yao. Nilipouona mara ya kwanza nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akabweka. Pembeni ya msalaba huohuo kuna kijikundi kinaitwa Kisanduku cha Vito, nacho kinavumilia mwezi: nyota za buluu na moja nyekundu katikati yao.

Kwa hiyo mwezi ujao, wavuvi wa dagaa wakilaza taa zao, iteremshe darubini ufukweni. Watakuwa nyumbani, na hao wanaujua mwezi kwa njia yao; wanajua bamvua na maji mafu kuliko vitabu vyangu. Nina hamu ya kusikia watakavyosema wakiuona karibu.

Nakupa na kazi. Mwezi ukiwa wa siku ya nane au ya tisa, tafuta Clavius, kusini, chini ya Tycho. Ni kreta kubwa mno, zaidi ya kilomita 220 kwa upana. Ndani yake utaona mashimo mengine yamejipanga kwa upinde, kila moja dogo kuliko lililotangulia. Yahesabu mara mbili, mwanzo mapema, tena usiku sana hewa ikitulia. Mimi kwa kioo changu nilipata matano bila shaka, na la sita nililiona na kulipoteza. Niandikie wewe umepata mangapi, na saa ngapi.

Wasalimie wote wa nyumbani.

Ni mimi somo yako