Kikao cha Jumamosi: yungiyungi na lotasi

Wapendwa, habari za jioni. Jumamosi saa 4 asubuhi tunaendelea na uainishaji wa mimea itoayo maua. Zamu hii ni yungiyungi na lotasi. Yote miwili huota majini, majani mapana, maua makubwa, basi wataalamu wa zamani wakaiweka ukoo mmoja. Vinasaba vikakataa: lotasi iko karibu zaidi na mgrivilea, huu huu wa kwenye mashamba ya kahawa! Chavua, yaani unga wa ua, inaunga mkono. Kila chembe ya lotasi ina mifereji mitatu, ya yungiyungi haina mitatu, na chavua ya mifereji mitatu imo kwenye visukuku vya miaka milioni 125 hivi. Mwenye hadubini aje nayo tuione mifereji hiyo. Lenzi ya mkononi haitoshi. Atakayeleta ua la yungiyungi alifunge kwenye gazeti lililoloweshwa.