Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TCRA: redio ndogo zimeshafika, leseni nayo ifuate

Ndugu Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA),

Salaam nyingi kutoka Buguruni, nilipo na kibanda cha ufundi redio. Barua hii inahusu kitu kinachoingia mfuko wa shati: redio koli za bei chee kutoka China. Ukipita Kariakoo utaziona kwenye makabati ya vioo, zimepangwa kando ya chaja na tochi. Walinzi wa maghala wanazo, wanaoelekeza magari kwenye kumbi za harusi wanazo, mafundi mitambo wa matamasha wanazo. Bei yake haifiki ya simu janja ya mtumba. Ombi langu ni kwamba Mamlaka ifungue leseni ya kuanzia ya redio ya ridhaa, yenye mtihani kwa Kiswahili, iliyokatwa kwa kipimo cha redio hizi.

Wewe unaijua redio ya ridhaa, ila barua hii inasomwa na wengi, hivyo niruhusu maneno mawili. Ni watu wanaorusha mawimbi kwa ajili ya kujifunza na kufanya majaribio, bila malipo na bila biashara, kila mmoja akiwa na alama yake ya wito, yaani herufi na namba anazojitambulisha nazo hewani. Zetu Tanzania huanza na 5H. Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, limewatengea masafa yao, na kwa Kanda ya 1, ambamo Afrika yote imo, wanayo 144 hadi 146 MHz, na 430 hadi 440 MHz wanayotumia pamoja na wengine. Kwa miaka mingi kilichowazuia vijana wetu kuingia ilikuwa bei ya mtambo. Kisha ikaja Baofeng UV-3R, kadude ka wati 2 kanakopotea kiganjani, na mwaka 2012 ikafuata UV-5R yenye wati 4 hivi. Zote mbili zinafika kwenye masafa hayo mawili. Kikwazo cha bei kimeondoka, na hakuna aliyetuuliza kama tuko tayari.

Sitaki kuzipamba. Nimezifungua nyingi na najua kilichomo ndani. Karibu kazi yote ya redio inafanywa na chipu moja, na vichujio vya kusafisha mawimbi vimewekwa kwa ubahili. Redio ikirusha kwenye 145 MHz, takataka zake, yaani mawimbi yasiyotakiwa, huangukia 290 na 435. Kanuni za Marekani zinataka takataka hizo zishuke angalau desibeli 40, yaani zisizidi sehemu moja ya elfu kumi ya wimbi lenyewe, na zipo redio za aina hii ambazo zikipimwa hazifiki hapo. Upande wa kupokea nao una kasoro yake: ukisimama karibu na mnara wenye nguvu, redio inaziba masikio. Antena ya mpira inayokuja nayo ni fupi kupita kiasi, na mwili wa aliyeishika ndio unaofanya kazi ya nusu ya pili ya antena. Katikati ya maghorofa ya Kariakoo usishangae mawasiliano yakakatika kabla hujamaliza mitaa michache.

Lakini hapo hapo ndipo somo linapoanza. Mpe mwanafunzi wa kidato cha tatu waya wa sentimita 49 auweke mahali pa ule mpira, na mwingine wa urefu huo huo auninginize kama mkia kutoka kwenye kola ya antena, kisha arudie jaribio lile lile. Tofauti ataisikia kwa masikio yake, na ile kanuni ya robo ya urefu wa wimbi aliyoikariri kwa ajili ya mtihani itapata maana. Mpandishe ghorofani. Kwa mtu aliyesimama chini, upeo wa redio ni kama kilomita 5. Akiwa mita 30 juu, upeo unakuwa kilomita 22 na ushee. Wati ni zile zile, kilichobadilika ni kimo tu. Sijaona kifaa kingine cha bei hii kinachofundisha fizikia kwa uwazi namna hiyo, na shule zetu nyingi hazina maabara ya umeme inayostahili jina hilo.

Kuna na anga. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kinazunguka kilomita 400 hivi juu yetu, na njia yake inapita mara kwa mara juu ya Dar es Salaam. Wanaanga wanapozungumza na shule duniani, sauti yao hushuka kwenye 145.800 MHz, mahali ambapo redio hii ya mfukoni inasikia. Kikipita karibu na utosi unakipata kwa dakika kama kumi kisha kinazama. Mtoto wa Vingunguti aliyesikia sauti ya mwanaanga kwa antena aliyoitengeneza mwenyewe kwa futi kamba mbovu hahitaji hotuba ya kuhamasishwa kusoma sayansi.

Najua jambo linaloisumbua ofisi yako, na kwa kweli linanisumbua hata mimi. Redio hizi hurusha mahali popote kuanzia 136 hadi 174 MHz, wala haziulizi nani mwenye masafa. Chaneli 16 ya baharini, inayotumika kwa wito wa hatari, iko 156.800, katikati kabisa ya eneo hilo. Tuna bandari, tuna kivuko cha Kigamboni, tuna boti za Zanzibar zinazoingia na kutoka mchana kutwa. Kijana anayebonyeza vitufe kwa kujaribu anaweza kukaa juu ya chaneli ile bila kujua amekalia nini. Wapo watakaokushauri kwamba dawa ni msako: zikamatwe, zivunjwe, biashara ifungwe. Mimi nipo karibu na soko. Bidhaa ya ukubwa huu, inayoingia ndani ya begi la nguo, msako utaihamisha kutoka kabatini kwenda chini ya meza, na mnunuzi atabaki vile vile hajui.

Anayejua ni yule aliyefanyishwa mtihani. Hebu fikiria maswali kama haya. Umesimama Kivukoni, redio yako inasoma 156.800, unasikia nahodha anaomba msaada: utafanya nini kwanza? (Unanyamaza, unasikiliza kama bandari imejibu.) Jirani analalamika televisheni yake inakwaruza kila ukirusha: utaanzia wapi kutafuta tatizo? Rafiki yako anakuomba umtangazie duka lake hewani: utamjibu nini, na kwa nini? Mtu anayeweza kujibu hayo kwa lugha anayoiota usiku ni salama zaidi hewani kuliko aliyekariri istilahi za Kiingereza akafaulu kwa kubahatisha herufi A mpaka D. Kiswahili tunakitumia bungeni na mahakamani, kwa hiyo hata desibeli zitaelezeka.

Wala sikuombi jambo geni. Uingereza ilianzisha leseni ya kuanzia mwaka 2002, kwa wati 10. Ujerumani, ambao kwa kanuni hawana mchezo, waliongeza daraja la chini kabisa Juni 2024, na kwa kiasi kikubwa ni la masafa haya haya tunayoyazungumzia. Hata Marekani, Septemba 2018, mamlaka yao ya mawasiliano, FCC, ilipotoa onyo kali juu ya redio zinazouzwa bila kuthibitishwa, haikuwafungia watu wa ridhaa kuzitumia ndani ya masafa yao. Mpaka uliwekwa kwenye matumizi, na mwenye leseni ndiye anayebeba dhamana.

Mtu akinikatisha hapa kwamba kila mmoja ana simu, nitakubali kwa sehemu kubwa. Sisemi redio ya wati 2 ingewaokoa watu wa Jangwani kwenye mafuriko ya Desemba 2011, maana kilichohitajika pale kilikuwa mitumbwi na mipango miji. Ila Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na intaneti ikazorota nchi nzima, siku chache tu baada ya kimbunga Hidaya kupita pwani yetu. Wiki kama ile inatosha kumfanya mtu ajiulize nani katika kata yake anaweza kuwasiliana na kata ya pili bila mnara wa kampuni yoyote. Kanuni za ITU zenyewe, tangu mkutano wa 2003, zinazihimiza serikali kuwawezesha watu wa ridhaa kujiandaa kwa maafa. Maandalizi hayo hufanyika jua likiwaka, maana mvua ikishafika mtu hana nafasi ya kujifunza kutumia redio.

Kwa hiyo naomba leseni hiyo iishie kwenye masafa yale mawili na wati 5, na ada yake mwanafunzi aweze kuilipa bila kuuza simu. Shule nayo iweze kuwa na kituo kimoja chini ya dhamana ya mwalimu mwenye leseni. Mamlaka mna vyombo vya kupimia mawimbi. Tengeni siku moja kila baada ya muda, watu walete redio zao zipimwe bila kuogopa kunyang'anywa, chafu ibandikwe alama nyekundu, na orodha ya aina zilizofaulu itangazwe ili hata mwenye duka Kariakoo ajue aagize ipi. Kirudishi, yaani mtambo unaopokea wimbi na kulirusha upya, kwenye vilima vya Pugu kingeunganisha Mbagala, Tegeta na Kigamboni kwa redio za mkononi, lakini hicho tutachangishana wenyewe tukishakuwa na leseni za kukiendesha.

Rasimu ya maswali kwa Kiswahili nimeiandaa, pamoja na majibu. Kuna mahali nimekwama kwenye istilahi, na hapo nimeweka alama ya kuuliza ili wataalamu wako waniongoze. Nitaileta mapokezi kwenu Jumatatu asubuhi, ndani ya bahasha ya kaki, na namba yangu ya simu nimeiandika juu yake.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi redio, Buguruni,
Dar es Salaam