Kabla ya kusema ni uzee, ulizeni mzee anakula nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo ambalo familia nyingi hulinyamazia, nalo ni usahaulifu wa wazee wetu, na haraka tuliyo nayo ya kuupa jina kabla ya kuuliza wazee hao wanakula nini na wanameza dawa gani.

Mama yangu, ambaye ana miaka 76 na anaishi nami hapa Muheza, alianza kwa kutia chumvi mara mbili kwenye mchuzi. Tulicheka. Baadaye akawa anauliza swali, anajibiwa, kisha analiuliza tena kabla chai haijapoa. Na siku moja alitoka kwenda kwa jirani aliyezoeana naye zaidi ya miaka 30, akakutwa amesimama njia panda, kashika khanga yake mkononi, hajui aelekee wapi. Shangazi alisema ni uzee, jamaa mwingine akanong'ona kwamba kuna mkono wa mtu, na mdogo wangu, kwa nia njema kabisa, akanunua vidonge ambavyo muuzaji alimhakikishia kuwa ni chakula cha ubongo. Kopo moja lilimeza fedha ya sokoni ya wiki mbili. Mama alimaliza makopo matatu, na chumvi iliendelea kuingia mara mbili.

Aliyetufumbua macho ni tabibu mmoja kijana aliyeuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kutuuliza: Mama amemeza metformini ya kisukari kwa muda gani, nyayo zake zinawaka moto au zinakufa ganzi, na jana alikula nini. Swali la tatu lilinitia aibu. Mama amepoteza magego, kwa hiyo nyama aliiacha kimyakimya. Samaki anaogopa miiba kwa sababu macho yamefifia. Maziwa anasema yanamjaza tumbo. Kwa miaka kadhaa alikuwa akinywa chai ya rangi kwa mkate asubuhi, anakula ugali kidogo na mchicha mchana, na uji jioni, nasi tukawa tunamsifu kwamba mgonjwa wa kisukari ndivyo apaswavyo kula.

Kilichokosekana ni vitamini B12. Hii haimo katika mchicha, wala maharage, wala ugali. Kwa kawaida huipata anayekula samaki, nyama, maini, mayai au maziwa. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, kiasi ambacho huwezi hata kukiona kwa macho, lakini ikikosekana kwa muda mrefu damu hupungua, na ala inayofunika mishipa ya fahamu huharibika, ndipo miguu hufa ganzi na kumbukumbu huyumba. Kwa kuwa ini huweka akiba ya miaka, upungufu huingia polepole kiasi kwamba hakuna anayeweza kutaja siku ulipoanza. Isitoshe, umri unavyosonga tumbo la wengi hupunguza tindikali inayoibandua vitamini hiyo kutoka kwenye chakula, metformini ikitumika kwa miaka hupunguza ufyonzwaji wake, na dawa za kutuliza kiungulia, kama omeprazo, nazo hufanya hivyo hivyo. Sasa mfikirie bibi mwenye kisukari, mwenye kiungulia na asiye na meno. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari kupima B12 kwa mtumiaji wa metformini mwenye dalili za upungufu, na kuwaangalia mara kwa mara walio katika hatari zaidi.

Damu ya Mama ilipelekwa Tanga mjini kwa kuwa hapa kipimo hicho hakikuwepo, na majibu yakaonyesha upungufu mkubwa. Alichomwa sindano za vitamini hiyo kwa mpangilio wa daktari, na metformini hakuachishwa. Nalisisitiza hili ili asitokee msomaji wa kutupa dawa za mzazi wake baada ya kusoma barua hii. Vilevile wapo wanaowapa wazee vidonge vya kuongeza damu bila kupima: asidi ya foliki, vitamini iliyomo katika vingi vya vidonge hivyo, ikitolewa peke yake inaweza kurekebisha damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika chini kwa chini. Baada ya miezi michache moto wa nyayo ulipungua, na maswali ya kurudiarudia yakapungua pia. Hayakwisha. Majina ya wajukuu bado anayachanganya, na daktari alituambia wazi kwamba kilichokaa muda mrefu bila tiba huenda kisirudi chote.

Sidai kwamba kila anayesahau amekosa B12. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2010 kwa watu wenye miaka 70 na kuendelea ulikuta asilimia 6.4 wana demensia, yaani maradhi ya ubongo yanayopoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na aina zake nyingi, ukiwemo ugonjwa wa Alzheimer, hazina tiba ya kuzirudisha nyuma. Hiyo ndiyo sababu ya kupima mapema: upungufu wa vitamini, tezi ya shingo inayofanya kazi kwa ulegevu, na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu, huweza kufanana na demensia, na hivyo vina dawa.

Kuhusu makopo, msimamo wangu ni mkali kidogo, nami sioni haya kuusema. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unaeleza kwamba vidonge vya vitamini B, vitamini E na mafuta ya samaki visipendekezwe kwa lengo la kuzuia demensia. Asiyekosa kitu haongezewi akili na kopo, na aliyekosa anahitaji kipimo na dozi, si bahati nasibu. Mwongozo huo huo unakubali ulaji wa mboga, matunda, jamii ya kunde, samaki na mafuta ya mimea, ingawa hata hapo tusitie chumvi: jaribio la Marekani lililotolewa mwaka 2023 kuhusu mlo uliobuniwa kwa ajili ya ubongo halikuona tofauti kubwa baada ya miaka mitatu. Presha isiyotibiwa, kisukari, sigara na masikio yasiyosikia vizuri vina uzito usiopungua ule wa sahani.

Nyumbani kwetu sahani imebadilika hivi. Tunanunua dagaa waliokaushwa juu ya chanja, maana wa mchangani hawaishi changarawe hata uwaoshe mara ngapi. Tunawaosha kwa maji ya vuguvugu kupunguza chumvi, kwa sababu Mama ana presha. Tunawakaanga bila mafuta hadi walie chakachaka, tunawatwanga kwenye kinu na kuchekecha. Vijiko viwili vya unga huo vinaingia kwenye mchicha wa nazi, havina mwiba wala havihitaji gego. Siku mbili katika wiki kuna yai. Maini tunayapata mara moja moja, na tunayakatakata kama ya mtoto.

Kwako Mhariri nina ombi: matangazo ya vidonge vya kumbukumbu yanayochapwa kwenye magazeti yetu yaulizwe ushahidi kabla ya kupewa ukurasa, kwani msomaji huamini kwamba kilichochapwa kimepita mikononi mwa mtu aliyekihakiki. Na kwa wanaosimamia kliniki za kisukari, naomba mzee aliyetumia metformini kwa miaka aulizwe habari ya ganzi, ya kumbukumbu na ya chakula kila anapohudhuria, na kipimo cha B12 kisogezwe karibu zaidi na wilaya. Kadi ya Mama ina nafasi ya sukari, presha na uzito. Habari ya mkate na chai ya rangi, tabibu yule aliiandika kwa kalamu pembeni, mahali ambapo hapana mstari.

Wako,
Msomaji, Muheza, Tanga