Makanisa kujifunza pamoja: Jumamosi, Masasi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Jumamosi saa tatu asubuhi tukutane Masasi mjini. Kila kanisa lilete watu watatu: mchungaji au mwinjilisti, mama mmoja na kijana mmoja. Tafadhali msimtume mchungaji peke yake; akihamishwa, anaondoka na yote aliyojifunza.

Tutakaa katika vikundi vya makanisa manne. Ndugu wa Newala watatueleza wanavyotembelea wagonjwa hata msimu wa korosho, waumini wakiwa mashambani. Hapo ndipo huduma zetu nyingi hulala, nami natamani sana tusaidiane. Kisha kila kanisa litachagua jambo moja la kutekeleza, na wenzake kikundini watalifuatilia.

Nachingwea na Ndanda, thibitisheni leo, akina mama wa jikoni wanasubiri idadi. Nauli tujitegemee.